Kujichapishia Mtandaoni: Mwandishi wa Ridhaa Anapata Nini?

Katika makala hii ninakusudia kupima jambo moja ambalo wahakiki wetu wamelipita kama mtu apitaye duka lililofungwa, nalo ni manufaa ya majukwaa ya kujichapishia mtandaoni kwa mtu anayeandika kwa kupenda tu. Simzungumzii mwandishi anayetafuta ugali wake kwa kalamu; huyo ana hesabu zake. Ninamzungumzia karani, mwalimu, muuguzi, dereva, na mwanafunzi mwenzetu wa bwenini ambaye ana daftari, au siku hizi ana faili kwenye simu, na ndani yake mna nusu ya riwaya au mashairi arobaini. Huyo nitamwita mwandishi wa ridhaa, kwa kuazima neno la wanamichezo. Mchezaji wa ridhaa hana mshahara, lakini akiingia uwanjani anacheza mpira uleule wenye sheria zilezile, na akikosa penalti watazamaji wanamzomea vilevile.

Vijiweni mwetu utasikia hoja mbili juu ya suala hili. Wapo wanaosema kwamba mtandao umemkomboa mwandishi, kwa kuwa mchapishaji hana tena ufunguo wa kumfungia mtu nje. Na wapo, aghalabu ni walimu wetu, wanaosema kwamba mtandao ni jalala ambamo kila mtu anamwaga alichonacho. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, ila zote mbili zinatazama mlango tu: mmoja anashangilia kuwa uko wazi, mwingine anasikitika. Mimi nauliza habari za ndani. Mtu wa ridhaa akishaingia, kuna nani humo wa kumjibu?

Ridhaa si tusi

Hapana budi kwanza tuondoe dharau iliyomo katika neno lenyewe. Wapo wanaodhani kwamba uandishi wa ridhaa ni uandishi wa kitoto. Hebu tuwatazame mabingwa tunaowasoma kwa ajili ya mitihani. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa forodha kwa karibu miaka ishirini, tangu 1926 hadi 1944. Elvis Musiba, ambaye riwaya yake Kufa na Kupona ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1974, alikuwa mfanyabiashara, na alifikia hata kuwa rais wa Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania. Mtu wa namna hiyo halali njaa ati kwa sababu mrabaha umechelewa. Ukiwaondoa watu wa ridhaa katika fasihi ya Kiswahili, sijui silabasi yetu itabaki na nini, labda dibaji.

Kujichapishia nako si jambo la juzi. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, haikuendelea kuwa chombo cha nchi zote tatu baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, na waandishi kadhaa wa riwaya pendwa wa Dar es Salaam wakaona heri wajitolee vitabu wenyewe. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari, alianzisha Heko Publishers, na Dar es Salaam Usiku ikatoka hapo mwaka 1990. Kwa hiyo anayeona kujichapishia kuwa ni ushahidi wa kazi mbovu aanze kwa kumfuta Mtobwa. Sidhani kama atathubutu.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa zamani kuliko hao. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na kurasa zake za mashairi zikajazwa na watu wa ridhaa. Shaaban Robert mwenyewe alipeleka tungo zake huko. Tazama utaratibu ulivyokuwa. Mtu anatunga, anapeleka kwa posta, mhariri anaangalia vina na mizani. Shairi likichechemea, halitoki. Likitoka, linasomwa, na baada ya mwezi mmoja au miwili anatokea mtu wa wilaya nyingine kabisa, mwenye lakabu yake, anajibu kwa bahari ileile. Huyu anafumba, yule anafumbua, wa tatu anawakosoa wote wawili. Malumbano hayo ndiyo yaliyokuwa chuo chao. Mtunzi alipata vitu vitatu kwa bei ya stempu: mtu wa kumkatalia, mahali pa kutokea, na mtu wa kumjibu.

Ninapoyapima majukwaa ya leo, mizani yangu ni hiyo.

Duka lisilo na muuzaji

Tuanze na jukwaa ambalo kila mtu analitaja, la kampuni ya Amazon, liitwalo Kindle Direct Publishing. Huduma hiyo ilianza mwaka 2007 pamoja na kile kifaa cha kusomea cha Kindle. Utaratibu wake ni rahisi kiasi cha kutisha. Unafungua akaunti, unapandisha faili lako, unaweka jalada, unataja bei, na baada ya siku chache kitabu kiko dukani. Hulipi kitu. Mrabaha wa kitabu cha kielektroniki ni asilimia 35 ya bei, au asilimia 70 ikiwa bei ni kati ya dola 2.99 na 9.99 na masharti mengine yametimizwa. Mtu aliyezoea kusikia habari za asilimia 10 za wachapishaji wa kawaida akisikia sabini anaona pepo imefunguliwa.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Kwanza kuna suala la lugha. Kwa miaka mingi orodha ya lugha zilizokubaliwa kwa vitabu vya Kindle haikuwa na Kiswahili. Kiwelsh kilikuwamo. Kikornish, lugha ya pembe moja ya Uingereza ambayo wasemaji wake wote hawajazi uwanja wa mpira, kilikuwamo. Kimanx cha kisiwa cha Man kilikuwamo. Kiswahili, kinachosemwa tangu Mombasa hadi mashariki ya Kongo, kilikuwa barazani kikisubiri kukaribishwa. Siziombei mabaya lugha hizo ndogo, zina haki yake. Ninachosema ni kwamba aliyeipanga orodha hakuwa akimfikiria mwalimu wa Morogoro.

Halafu kuna fedha. Marekani hukata kodi ya asilimia 30 katika mrabaha unaotokana na mauzo ya kwao, ikiwa mwandishi ni wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nao. Kenya na Tanzania hazina mkataba huo. Tena Amazon haina duka lake katika nchi hizi. Msomaji wa Kitui au Tabora anayetaka riwaya yako atatakiwa awe na kadi ya kulipia nje, ilhali fedha zake zote ziko kwenye simu. Basi hata zile sabini unazisikia redioni tu.

Kwa mtu wa ridhaa, hata hivyo, hayo si msiba, maana hakuja kutafuta fedha. Msiba wake ni kimya. Kitabu kinatoka, jamaa wanapongeza jalada, rafiki mmoja anaahidi kukisoma likizo ikifika, basi. Duka halina mtu wa kukwambia kwamba sura yako ya tatu inarudia ya pili, au kwamba mhusika wako mkuu amekuwa mjane ukurasa wa 40 na mumewe anapiga mswaki ukurasa wa 61. Kwenye duka hili kuna nyota, tangu moja hadi tano, na nyota si uhakiki. Hata mwalimu wetu mkali kuliko wote huandika angalau neno moja pembeni mwa alama aliyokupa.

Kimya hicho kimezidi kuwa kinene. Mwezi wa Septemba 2023, baada ya kompyuta kuanza kuandika vitabu zenyewe, Amazon iliweka kikomo cha vitabu vipya ambavyo mtu anaweza kutoa kwa siku. Kikomo chenyewe kiliripotiwa kuwa vitabu vitatu. Vitatu kwa siku! Hebu mfikirie mtu aliyeandika riwaya yake kwa miaka miwili, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya darasa la sita, amepanga foleni moja na "mwandishi" anayelalamika kwamba amezuiwa kutoa cha nne kabla ya kulala. Nani atamwona huyu mwalimu? Kati ya vitu vitatu vya Mambo Leo, duka limempa kimoja tu, mahali pa kutokea, na mahali penyewe ni sokoni Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Nitende haki lakini. Kuna kazi moja ambayo kujichapishia kwa namna hii kunaifanya vizuri kuliko njia nyingine yoyote, nayo ni kuchapa nakala chache. Kampuni ya Lulu, iliyoanzishwa na Bob Young mwaka 2002, huchapa kitabu kinapoagizwa, hata ikiwa nakala moja. Mzee aliyestaafu aliye Toronto au London, aliyeandika habari za ukoo wake kwa Kiswahili ili wajukuu wasipotee, anaweza kuagiza nakala kumi za harusi ya mjukuu bila ya kumbembeleza mchapishaji aliyezoea kuchapa kwa maelfu. Hadhira yake anaijua kwa majina, na majibu atayapata mezani siku hiyohiyo, tena makali. Kwa aliyeko huku nyumbani hesabu inabadilika, kwa sababu usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kitabu.

Barazani

Upande wa pili kuna majukwaa ambayo hayauzi sana, yanasomesha. Linalojulikana kuliko mengine ni Wattpad, lililoanzishwa Kanada mwaka 2006 na likanunuliwa mwaka 2021 na kampuni ya Naver ya Korea Kusini kwa zaidi ya dola milioni 600. Mwandishi anatoa sura moja, anasubiri, anatoa nyingine. Msomaji anaweza kuacha maoni pembeni mwa aya yenyewe, si mwishoni tu. Kwa maoni yangu hapa ndipo Mambo Leo imefufuka kidogo, japo aliyefufuka hana mhariri: mtu wa kumkatalia hayupo, bali mtu wa kumjibu yupo.

Faida ya kujibiwa tunaweza kuiona katika riwaya moja ambayo haikutoka kwetu na wala haikuanzia Wattpad. Andy Weir, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, alianza mwaka 2009 kuweka The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake, bure, kwa wasomaji wachache waliomfuata. Aliandika kwa ridhaa kabisa. Riwaya inahusu mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi, naye anaishi kwa hesabu na kemia. Ukikosea kemia, riwaya imekufa. Wasomaji wake, ambao miongoni mwao walikuwamo wanasayansi, walimwandikia kumsahihisha, naye akarekebisha. Ni wao pia walioomba toleo la Kindle ili wasome kwa urahisi. Mwaka 2011 aliiweka huko kwa senti 99, bei ya chini kabisa iliyoruhusiwa. Mwaka 2014 ikatolewa na Crown, mchapishaji wa kawaida, na filamu ikafuata mwaka 2015.

Wanafunzi wenzangu wakisimulia kisa hiki huanzia kwenye filamu. Mimi ninaomba waanzie 2009. Ile miaka ya kujibiwa ilikuja kabla ya duka, na ndiyo iliyokifanya kitabu. Tena fani yake inalingana na njia iliyotokea: sehemu kubwa ya riwaya ni shajara ya siku hadi siku, kila siku ina tatizo lake na ufumbuzi wake, kwa hiyo inakatika vipande bila ya kuvuja damu. Riwaya ya aina nyingine, yenye msuko unaofichwa tangu mwanzo, isingestahimili.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolishangilia baraza bila ya kusita. Jukwaa la sura kwa sura lina mkono wake ndani ya fani, upende usipende. Tuchukue hadithi zetu za mfululizo zinazosomwa kwenye simu, zile ambazo sehemu za mwanzo ni bure na zilizobaki unatumiwa ukishalipa kwa M-Pesa. Nimezisoma nyingi, nyingine kwa furaha ya kweli, na sioni haya kusema hivyo mbele ya walimu. Ninachokiona ni hiki. Kila sehemu lazima iishie kwenye taharuki: mlango unagongwa, simu inalia, bastola inatoka. Ikifika sehemu ya kumi na tano msomaji amekwishajua kwamba aliyegonga mlango ni jirani anayeomba chumvi. Mandhari hupewa sentensi moja. Mazungumzo yanabeba mzigo wote, na kwa kweli mazungumzo mara nyingi ni mazuri, yana Kiswahili cha leo cha daladala na matatu ambacho riwaya nyingi za silabasi hazina.

Baya zaidi ni kwamba mwanzo haurudiwi. Sura ya kwanza imekwishasomwa na watu, wameipongeza, mwandishi anaona soni kuigusa. Mswada wa daftarini ulikuwa na ruhusa ya kuwa mbovu kwa miezi mingi. Wasomaji wenyewe nao wana haraka, na maoni yao mengi ni "endelea", "tunasubiri", "leta vitu". Hayo ni majibu, sikatai, na yanatia nguvu ya kuandika kesho. Lakini yule msahihishaji wa kemia, au yule mlumbi wa wilaya nyingine aliyekuvunjia hoja kwa vina vyako mwenyewe, huyo hutokea mara chache. Mwandishi wa ridhaa anayetaka baraza limfae itabidi amtafute kwa taa: msomaji mmoja anayebisha kati ya mia wanaosubiri.

Mhariri anayekuja baadaye

Kuna jukwaa la tatu ambalo nalitaja kwa sababu sioni likitajwa katika mijadala yetu. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa mtandaoni mwaka 2014, unamruhusu mtu yeyote kuandika kitabu kifupi cha watoto kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, kutumia picha zilizomo, kutafsiri hadithi ya mwingine, au kuigeuza iwafae watoto wa kwake. Leseni ni huria. Hakuna anayeuza kitu.

Kinachonivutia ni mahali pa mlango. Unatoa kwanza, zile hadithi ambazo wahariri wa mradi wamezipitia ndizo zinazopewa alama ya kuidhinishwa. Mhariri amehama kutoka mwanzo wa safari kwenda mwisho wake, lakini hakufukuzwa kazi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi anayetunga visa vya sungura kwa ajili ya darasa lake, sijaona jukwaa bora. Kitabu kinasomwa keshoye na hadhira iliyoko mbele yake, inayopiga miayo hadithi ikipooza. Na kule kugeuzwa na wengine, ambako kwa mwandishi wa riwaya ni wizi, kwa hadithi ya sungura ni desturi: ni lini bibi wawili waliwahi kusimulia kisa kimoja kwa namna moja?

Udhaifu wake ni Kiswahili chenyewe. Mtu anapotafsiri sentensi fupifupi kutoka Kiingereza, moja baada ya moja chini ya picha, anaweza kutoa Kiswahili ambacho kila neno ni sahihi na hakuna bibi angelisema. Kasoro hiyo haionwi na kompyuta. Inaonwa na msomaji mwenye masikio, na wasomaji wa aina hiyo ndio hawa wanaolala katika mabweni yetu wakilalamika kwamba Idara haina la kuwapa wafanye wakati wa likizo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, mwenzangu mwenye mashairi arobaini kwenye simu, nitakwambia usianzie dukani. Anzia palipo na mtu wa kubisha, hata akiwa mmoja. Yakishabishiwa, chapa nakala kumi ugawe. Duka lipo tu, halitahama. Nawe mwenye riwaya ya upelelezi, toa sura zako barazani ukitaka, ila andika hadi mwisho kabla ya kutoa ya kwanza, ili uwe na mahali pa kurudi.

Upande wetu sisi wahakiki umebaki na deni. Kama jukwaa halina mhariri, na wasomaji wake wanasema "endelea" tu, basi ile kazi ya kukataa na kujibu imeangukia kwa mtu anayejifunza kuhakiki, na mtu huyo tunamjua. Nimeuliza mara mbili kama tasnifu ya shahada ya kwanza inaweza kuandikwa juu ya hadithi ya mfululizo iliyotoka kwenye simu tu. Mara ya kwanza niliambiwa jambo hilo litafikiriwa. Mara ya pili niliambiwa nilete nakala ya kitabu iwekwe maktaba. Nakala sina. Nina simu, na sehemu ya 1 hadi ya 64, na swali la mhusika mmoja wa kike ambaye toka sehemu ya 30 mwandishi hajui amfanye nini, na hakuna aliyemwambia.